Mlango wa Siku za Theluji

Fairlow, Vermont
Januari 1819

Mdogo wangu mpendwa Asa,

Salamu nyingi zikufikie huko Ohio, wewe na wifi yangu Lois. Sisi hatujambo, ila miguu ya mama, ambayo haisikii dawa.

Baba tumemzika. Waheshimiwa wenzake wa baraza la jimbo walikuja na kofia zao ndefu, wakamsifu kwa namna alivyopigania kufutwa kwa sheria ya onyo, ile ya kuwaambia wageni maskini wahame. Mji unataka kumwekea jiwe la kaburi lenye maneno: "Mlango wake haukufungiwa maskini." Mchongaji anangoja ruhusa yako, mwana wa kiume.

Mlango ule unaukumbuka. Theluji ikianguka tu, baba anaufungua, nasi tunatetemeka mezani. Jirani Hobart alizoea kumtania: "Mheshimiwa, unaupasha joto mji mzima? Kuni zako hizo, au za serikali?" Baba hakucheka hata siku moja.

Siku aliyokufa theluji ilianza adhuhuri. Mtu aliyekuwa hawezi kushika kijiko alinyanyuka, akaenda mlangoni, akasema: "Rudi, mama. Yale ni maneno tu. Rudi ndani." Nje hapakuwa na mtu. Nilimuuliza mama ni nani anayeitwa. Ndipo mama akanieleza.

Kabla ya siasa, baba alikuwa askari wa mji. Kazi yake ilikuwa kuwasomea wageni maskini onyo la kuhama, ili mji usidaiwe kuwalisha. Lilikuwa la kutimiza sheria tu; unajua watu walisomewa wakabaki, wakazeekea hapa. Hata Hobart alisomewa. Lakini kulikuwa na mjane mmoja aliyetoka mbali, akaamini. Baba alimsomea, akaona haya, akaenda zake bila kumwambia kwamba hakuna anayehama. Mama wa watu akafunga mzigo, akaingia njiani na mwanawe mchanga, theluji ikianguka. Walimkuta kesho yake kando ya ukuta wa mawe, amekufa. Mtoto, ambaye mama yake alimfunika kwa shali, alikuwa hai.

Asa, mtoto huyo ni wewe.

Nilikuwa mdogo, nikadhani watoto wote huletwa wamefungwa shali. Baba alikupenda, hilo usilitilie shaka. Ila jiwe ni lako kulikubali au kulikataa; mimi sina mdomo.

Leo theluji imeanza tena. Niliufunga mlango, moyo ukanishinda, nikaufungua.

Mama anakusalimu, na anauliza kama bado utamwita mama. Nibusie watoto.

Ni mimi dada yako, wala sijui kuwa kitu kingine kwako,
Keziah Wadhams