Siku Nne za Kemia

Jumatatu, 3 Novemba
Uji, kisha kitabu. Ukurasa uleule tangu jana. Mtihani wa kemia kwa vitendo ni Alhamisi. Mwalimu wa kemia alihama mwezi wa Mei, hakuletwa mwingine. Hapa Eldas kila mtu ananionea huruma kwa hilo. Wangejua! Vipindi vyake vitupu tulisukana nywele na kucheka. Bila C ya kemia nisahau uuguzi. Najichukia.

Jumanne, 4 Novemba
Leo tumeonyeshwa bureti, mrija wa kudondoshea asidi. Moja, wasichana kumi na wanane. Nimeishika kidogo tu, ikapokonywa. Tone moja la asidi likizidi, rangi inaruka, kazi imeharibika. Nimelia chooni. Upuuzi.

Jioni nimemweleza abti, kaka yake mama yangu, hooyo, anayetibu mifugo. Hakucheka. Ameosha mpira wa dripu anaowawekea mbuzi, akautundika ukutani. Una kigurudumu cha kubana maji.

Jumatano, 5 Novemba
Asubuhi yote nadondosha maji ya ndimu kwenye chai ya rangi hadi ipauke. Mwanzo nilizidisha kila mara. Baadaye, wallahi, tone linasimama ninapotaka. Hooyo kaja kutazama. "Huu ndio mtihani? Basi hata mimi ningepita!" Nimecheka. Sikuwa nimecheka tangu Septemba.

Hesabu za moli baada ya sala ya asri.

Baada ya asri: nimedondosha tena. Raha tupu. Hesabu kesho alfajiri.

Alhamisi, 6 Novemba
Tone lilisimama nilipotaka. Mara tatu, na mara zote vipimo karibu sawa. Msimamizi alisimama nyuma yangu, akapita.

Kisha hesabu. Sikujua hata pa kuanzia. Nimezidisha namba ovyo, nikaacha nusu ukurasa mtupu. Jirani yangu, aliyemwaga asidi mezani, alikuwa anaandika tu.

Moli tulifundishwa Machi. Mwalimu alikuwepo.

Ijumaa, 7 Novemba
Manyunyu. Wenzangu wanamlaani mwalimu. Hooyo naye kaanza. Nimemwambia ukweli: alifundisha, mimi sikusikiliza. Ameacha kulaani. Kisha: "Abti yako amewaambia watu wote msikitini kwamba umepita. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nimekwenda. Alikuwa zizini na mbuzi mgonjwa. Nimemwambia yote, nikiangalia chini.

Hakuinua kichwa.

"Shika miguu ya nyuma," akasema. "Asinipige teke."

Nimeshika.