Sijui Iliyopakwa Kijani

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za ndugu yako mzuri kuliko wote, hata kama tumezaliwa wawili tu. Mama anaendeleaje baada ya upasuaji? Bado yuko kwenye dripu? Mimi mwili mzima, ila nina neno la kukuambia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nami nikikatizwa huanza utani.

Unaijua kazi aliyonipa mumeo. Shule niliishia njiani, lakini nimetembea miji, nimetengeneza simu za wakubwa na wezi wao, na kompyuta ikiniona inakaa vizuri. Pale kiwandani kwake tunaunda pampu za dripu. Ndani ya pampu kuna programu iliyoandikwa kwa lugha ya chini kabisa, isiyo na mapambo, inayoongea na mashine uso kwa uso. Imejaa mizunguko: toa tone, hesabu, rudia, ukimaliza simama. Mzunguko usiosimama ni dawa isiyosimama. Basi mhandisi wetu, mama mmoja tunayemwita Profesa, akaunda mkaguzi: programu inayosoma programu nyingine bila kuiwasha, na kusema kama mizunguko yake itafika mwisho. Kazi yangu ni kumtungia mkaguzi mizunguko ya hila nione kama atadanganyika. Na hila, dada, nimezaliwa nazo, wewe ni shahidi.

Mkaguzi huyo ni muungwana. Mzunguko ukiwa salama, skrini inaonyesha kijani. Ukiwa mbovu, nyekundu. Akishindwa kujua, njano, yaani sijui. Profesa alinieleza hakuna aibu hapo, kwa kuwa hakuna mkaguzi duniani anayeweza kuijua mizunguko yote.

Juzi nikatunga mmoja mtamu. Unahesabu kurudi nyuma kwa aina ya namba isiyojua hasi. Ikifika sifuri ukaitoa moja, inaruka hadi namba kubwa kuliko zote na kuanza upya. Hausimami ng'o. Nikaificha hila ndani ndani, nikatarajia njano angalau. Ikaja kijani! Nikajipiga kifua, nikaenda kumtania Profesa kwamba mtoto wake kafeli. Hakucheka. Alisema mtoto wake alijibu sijui. Ni shemeji aliyeagiza kila sijui ipakwe kijani, maana wanunuzi wakiona njano wanauliza maswali.

Nikamfuata shemeji ofisini, nikamkuta anajipuliza manukato. Hakukana. Alisema njano si kosa, ni wasiwasi tu, na yeye hauzi wasiwasi. Akaniuliza tangu lini fundi simu wa kuokotwa akamfundisha biashara, halafu akanipigapiga begani kama mbuzi wa kuuzwa. Dada, nimezibua vyoo vya stendi, nimelala jirani na machinjio, lakini uchafu unaonukia manukato sikuwahi kuuona. Nilitoka nikatema mate.

Sasa lililo zito, ulisikie kwangu kabla ya kwake. Jana wanunuzi walikuja kabla pampu za kwanza hazijapakiwa garini. Shemeji akanitaka niwaonyeshe kijani, kwa kuwa nina mdomo mzuri. Nikawaonyesha. Kisha nikauingiza ule mzunguko wangu uliopewa kijani kwenye pampu, mezani, mbele yao. Maji yakajaza bakuli, yakafurika, yakamfikia mkuu wao mapajani, na pampu haikusimama mpaka nilipoichomoa kwenye umeme. Nikawaambia kijani kile kilikuwa njano, na nikamtaja aliyeipaka. Shemeji alininong'oneza nimfikirie dada yangu. Nilikufikiria. Nilimfikiria na mama, na ile sindano iliyo mkononi mwake.

Wanunuzi wameondoka bila mzigo. Chumba cha uani kwenu nimeshafukuzwa, na kiwanda huenda kikafungwa. Nyumba yako imetikisika, na aliyeitikisa ni mimi. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua ungeniomba ninyamaze, na mimi sijawahi kukunyima kitu.

Nakuja Ijumaa nikupokee zamu ya kumwuguza mama, wewe upumzike. Ukitaka kunitukana, nitukane nje, yeye asisikie. Mbusu kwa niaba yangu, na mumeo akipiga simu mpe salamu zangu, hata akizikataa.

Ni mimi,
mdogo wako.