Maua ya Mikononi mwa Saumu

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifika hapa Barani, nami naitikia marahaba. Babu yako hajambo, ila msiba wa dada yangu Saumu umetuelemea sote.

Unauliza, huko kazini mnakopanga bidhaa kwa kiwango cha hatari, rangi ya nywele muiweke wapi, maana inauzwa kila duka.

Mwanangu, Saumu alipokuwa bibi harusi, somo aliyemfunda aliiona hina haikolei. Akakoroga piko, hiyo hiyo rangi nyeusi ya nywele, akamchora maua mikono yote miwili. Saumu akaninong'oneza, "Yaniunguza." Shangazi yetu, aliyeketi kando, akasikia. "Bibi harusi halalamiki. Tulia ikauke."

Akatulia. Kulipokucha, kila ua lilikuwa lengelenge. Alipotolewa mbele ya wageni, mikono ilifichwa ndani ya kanga.

Dukani rangi ile haikumdhuru mtu. Basi usiipime ikiwa chupani tu. Pima na pale watu watakapoipaka, na nani atakayeambiwa anyamaze.

Wiki iliyopita nilimwosha Saumu kwa safari yake ya mwisho. Nilipofika mikononi nikashindwa. Makovu yalikuwa pale pale, ua kwa ua.

Bibi yako,
Mwanaidi