Mtani Wangu, Nichukue Lenye Tabo?

Mtani wangu Salum,

Niko barazani kwangu Kinondoni, chai imeshapoa. Tangu asubuhi nazungumza nawe kichwani, na mke wangu amenikuta mara mbili nikitikisa kidole peke yangu. Nimeona heri nishike kalamu, angalau nionekane nina kazi.

Mkilua waliokupandia wanao kaburini umeshika. Swali langu nalo lilikuwa limeshika palepale.

Unalikumbuka? Siku ya mazishi yako nilitimiza wajibu wangu. Mzaramo akifa, mtani wake Mnyamwezi ana haki ya kuzuia jeneza, na mimi nililizuia. Nilisimama katikati ya njia, mikono nimetanua, nikasema: "Huyu hapiti! Tumechanga fedha, kisha anakimbilia ardhini bila kusema tunachukua gari lipi. Aamke ajibu, ndipo azikwe!" Watu walicheka huku wanajifuta machozi. Mjomba wako akanirushia sarafu. "Haya mpagazi, shika ujira wako, tupishe!" Nikaiokota, nikapisha. Lakini nikwambie ukweli, Salum, ule haukuwa utani mtupu. Nilitaka kujua.

Tulipouza kile kiwanja cha Mbezi Beach, tulichokipata tungali walimu vijana, wakati watu wakituuliza tunakwenda kuishi na nyani au vipi, kila mmoja aliezeka nyumba yake. Kilichobaki ukakiita fungu la upuuzi. "Maganga," ulisema, "tumepanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya khanga. Sasa kila kitu kinauzwa. Kabla sijafa nataka kitu kimoja kisicho na faida yoyote." Nikadhani unataka redio kubwa. Ukanishika mkono mpaka kwenye yadi ya magari.

Walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja, wameshuka meli moja kutoka Japani. Milango miwili tu, kiuno cha nyigu, na taa zinazolala ndani ya boneti na kuamka zinapowashwa, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Magari ya miaka ile ya shida zetu. Wenzetu walikuwa wakiyaunda wakati sisi tunatafuta mafuta ya taa. Jeupe lilikuwa la kawaida. Jekundu lilikuwa na tundu kama pua juu ya boneti, na kijana wa yadi akatuambia kwa heshima zote, "Hili lina tabo, wazee wangu."

Nilikueleza palepale, na ulinivumilia kama ulivyonivumilia miaka yote ya chumba cha walimu. Injini, nilisema, ni moto unaohitaji hewa. Gari la kawaida huvuta hewa lenyewe, kwa pumzi zake. Lenye tabo lina feni ndogo kwenye njia ya moshi. Moshi unapotoka unaizungusha, na feni hiyo inazungusha mwenzake anayeshindilia hewa zaidi ndani ya injini. Hewa zaidi, petroli zaidi, nguvu zaidi. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Kumbe linakula makombo yake. Kama sisi walimu."

Tukayajaribu, barabara ya Bagamoyo. Jeupe lilinipendeza mimi: unakanyaga, linajibu, mazungumzo ya watu wawili wastaarabu. Jekundu ulikanyaga, likanyamaza. Ukanitazama. Kisha likatusukuma mgongoni, na wewe, babu mzima mwenye ndevu nyeupe, ukapiga kelele kama uko kwenye ngoma ya Kizaramo. "Linafikiri kwanza, halafu ndiyo linajibu!" ulicheka. "Mnyamwezi kabisa hili!" Nilipokukumbusha kwamba tabo huongeza joto, na joto huongeza safari za kwa fundi, ukanijibu kwamba babu zangu walitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani na pembe za ndovu begani, nami naogopa pedali.

Nyumbani kwako Kawe, mkeo Mwanaidi alitusikiliza tukibishana, tabo hivi, tabo vile. "Haya makubwa," akasema. "Watu wazima na akili zenu mnatoa fedha kununua tabu? Si mngeniambia mie, ningewapa ya bure!"

Tuliachana bila kuafikiana. Wiki ile ile homa ikakuchukua.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Baada ya arobaini yako nilimwendea Mwanaidi nimrudishie fungu lako. Akalikataa. "Shemeji, fedha ya gari ni ya gari. Salum hakuiacha iwe ya mchele." Halafu akasitasita, akasema kulikuwa na neno. Ukiwa kitandani, homa imepungua kidogo, ulimwambia: "Mwambie mtani achukue lile la kawaida." Hakuwa ameniambia kwa sababu alidhani ni homa iliyosema.

Salum, neno hilo lilininyima raha. Wewe? Wewe uliyepiga kelele barabarani? Ningelikuwa mtu wa kushukuru tu ningekwenda yadi nikachukua jeupe, kwani ndilo nililolitaka. Lakini unanijua. Mwanafunzi akinipa jibu sahihi bila kuonyesha njia, simpi alama. Niliwaza kwamba labda uliogopa. Haikuwa hivyo, hukuwahi kuogopa kitu isipokuwa kikao cha wazazi. Nikawaza labda ulitaka kuniachia ushindi, kama zawadi. Hilo nalo nikalikataa. Katika maisha yako yote hujawahi kuniachia hata bao moja la drafti.

Jibu nililipata juzi, na nililipata nikiwa kwenye kosa.

Nilimchukua Mwanaidi kwenda kumtazama binti yenu kule Goba, kwenye gari langu hili kongwe. Wakati wa kurudi, tulipofika kileleni pale mteremko unapoanza, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye ufunguo. Nikazima injini. Gia huru, tukateremka bure, upepo tu masikioni. Unakumbuka tabia hiyo ilikotoka. Miaka ile petroli ilikuwa ya kuomba, na kila mwenye gari mjini alijua miteremko yake kama anavyojua majina ya wanawe. Petroli siku hizi ipo kila kona, lakini mkono wangu hauna habari. Nazima mteremkoni. Nazima kabla gurudumu halijasimama mlangoni.

Mwanaidi akashika mlango kwa mikono miwili, kama ulivyokuwa ukishika wewe, akasoma Bismillahi kama ulivyokuwa ukisoma wewe. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Ndiyo hii!" akasema. "Shemeji, ndiyo hii! Sasa nimekumbuka. Alisema, mtani wangu ana ugonjwa wa kuzima. Ukimpa tabo ataliua siku ya kwanza, halafu atalia, na mie sitakuwepo kumcheka."

Nilisimamisha gari kando. Nililisimamisha vizuri, injini ikiwa imeshazimwa tangu kileleni.

Maana kijana wa yadi alituonya, na mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa nimeinama natazama lile tundu, sikumsikiliza. Ulisikia wewe, mwalimu wa historia. Feni ile huzunguka kwa kasi kubwa karibu na moto, na kinachoipoza ni oili inayopita. Ukizima injini ghafla, oili inasimama wakati feni bado ina joto kali, na oili iliyosimama hapo inaungua. Kwa hiyo ukifika uendako unaketi kwanza. Unaiacha injini ingurume polepole, ipumue, kisha ndiyo unazima.

Hivyo uliniacha na jibu na njia yake. Ulikuwa unaondoka, ukahesabu tabia zangu, ukanichagulia gari litakaloweza kuishi na mimi. Nimekaa na jambo hilo siku mbili hizi. Sikujua kama mtu anaweza kupendwa kwa njia ya injini.

Leo asubuhi nilikwenda yadi. Kijana akaniamkia, akaniuliza, "Mzee mwenzako yuko wapi?" Nikamwambia ametangulia. Akainamisha kichwa, akasema pole, akafungua mlango wa gari jeupe, kwani alijua ndilo nililokuwa nikilisifu.

Mtani, tangu lini mtani akamtii mtani?

Nimechukua jekundu.

Usinune. Nisikilize, nakueleza. Hakuna mtu aliyekuwa mbaya wa kuaga kama wewe. Ulikuwa ukisema "Haya, sie twaondoka," kisha unasimama. Mlangoni hadithi moja, ngazini ya pili, getini ile ndefu kuliko zote, na mke wangu ndani anafunika chakula tena. Mimi husema kwaheri nikiwa nimeshageuka. Nilipomsikiliza yule kijana akirudia maelekezo yake, safari hii kwa makini, nikaona gari hili linataka kuagwa kama ulivyokuwa ukiaga wewe. Na wewe mwenyewe hukuaga, Salum. Ulizimika ungali wa moto.

Mwanaidi amedai kiti cha abiria. Wajukuu wamelalamika hawana pa kukaa, akawaambia, "Nyie pandeni mabasi, hii ni tabu ya wazee."

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii. Nimefunga kitambaa cheusi kwenye ufunguo ili mkono ukumbuke. Mteremko wa Goba nitaushuka injini ikinguruma, petroli iungue. Na kila nitakapomrudisha mkeo Kawe, tutafika getini kwako tukae. Yeye hatafungua mlango, mimi sitagusa ufunguo. Tutasikiliza feni yako ikipungua kasi, na kama una hadithi ya getini, ndio wakati wake.

Ikishapoa kabisa, nitasema kwaheri. Nikiwa nimekutazama.

Mpagazi wako,
Maganga