Mume Wangu Anawachunguza Wakwe Kama Wateja wa Benki

Mpendwa mshauri, salamu nyingi, na nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi maana ikipita hiyo sitakuwa tena na la kuuliza. Mimi ni mshona mapazia, nina duka langu dogo, na mume wangu ni mtu wa benki, miaka yote ya ndoa yetu alikuwa kaunta, mpole, hata ukimpa chai iliyopoa anakunywa na kushukuru, hadi walipomhamishia kitengo cha kuzuia fedha haramu kutoka nje, kwa sababu sheria zimekazwa na zile benki za ng'ambo zinazotupitishia dola zimesema tukizembea zitatufungia mlango, basi wakampeleka semina, na mshauri wangu, aliyerudi kutoka semina siyo yule aliyenioa.

Sasa anauliza chanzo cha kila kitu. Mama yangu mzazi alimletea shati, akalikataa mlangoni, eti linazidi thamani ya zawadi anayoruhusiwa kupokea, mama akalirudisha kwenye mfuko na hajakanyaga kwangu tena. Wifi yangu, dada yake mkubwa aliyemlea, alinunua friji, akahojiwa kwenye kochi langu kapata wapi, kanunua kwa nani, na mimi nilikimbilia jikoni kucheka, sikufichi, kwa sababu wifi ana maneno na nilikuwa namtafutia dawa yake siku nyingi, kumbe kicheko kilisikika hadi sebuleni, na tangu siku hiyo hasemi na mimi wala na mdogo wake.

Haya, binti yetu kapata mchumba, kijana mtulivu, anafanya kazi na kampuni ya meli za mizigo nchi nyingine, wakioana watahamia huko. Wakaja kuposa, mama yake kijana na mjomba wake, wamependeza kweli, mume wangu akawasimamisha kizingitini akawadai vitambulisho, na bili ya maji ya kuthibitisha wanakoishi! Mjomba akasema, "Mzee mwenzangu, tumekuja kuposa, hatukuja kukopa." Mume wangu akajibu, "Taratibu ni zilezile." Wakatoa, maskini, watu wa watu, mama yule akahangaika na mkoba wake hadi akatoa kadi ya kliniki. Nikadhani yameisha. Tulipokaa akamgeukia mjomba, akamwuliza kama amewahi kuwa na wadhifa wa kisiasa, maana wanasiasa wana uchunguzi wao maalumu. Mjomba akasema aliwahi kugombea udiwani akashindwa vibaya.

"Kwa hiyo wadhifa hukuupata."

"Sikuupata."

"Lakini uliutaka." Na akaandika! Wageni wakasimama wakaondoka, chai hawakuigusa.

Binti analia, anamwuliza, "Baba, mwenzangu ana kosa gani?" na hapo ndipo ninapochoka, maana baba mtu anasema hawezi kumwambia, sheria inakataza kumtonya mtu anayechunguzwa. Nikamvizia mimi akinyoa ndevu, nikamwambia, "Niambie basi mimi mkeo," akasema mimi ni mtu wa karibu wa mhusika, akaendelea kunyoa. Sasa binti kasema Jumamosi wageni wanarudi kwa mara ya mwisho, kawabembeleza kwa machozi, na baba yake akiwarudia yale, yeye anafungasha nguo zake anaolewa hukohuko bila sisi, na namjua, hatanii. Nifanye nini? Nimefikiria kumfungia mume wangu chumbani siku hiyo. Ufunguo ninao.

Ni mimi, mama wa binti.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, mama wa binti, pole. Kwenye kadi ya kliniki nimecheka hadi watu ofisini wakageuka, halafu nikafika kwa binti, kicheko kikakatika.

Pole hiyo wagawane binti na mama yako. Wewe subiri kwanza. Mumeo alipomkaba dada yake aliyemlea, ulikuwa jikoni unajishika mbavu. Leo zamu imefika kwako unaniandikia barua. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, siyo?

Kazi ya mumeo usiidharau. Wapo wanaoficha pesa za wizi kwa majina ya bibi zao, na benki yenu ikifungiwa mlango na za nje, hata hicho kitambaa chako cha mapazia kinachoagizwa ng'ambo hakitalipika. Wateja aendelee kuwabana, tena awabane sana. Ila kazi ile ina kanuni nyingine ambayo hakuifikisha nyumbani, sijui semina alisinzia: afisa hachunguzi jambo la mtu wake. Ukiwa na maslahi unatangaza, unampisha mwingine. Na hiyo habari ya kutonya ni kisingizio. Kijana si mteja wake, hakuna faili lolote la benki, hakuna sheria iliyomfunga mdomo.

Kinachomfunga mdomo umekiandika mwenyewe ukakipita mbio: wakioana watahamia nchi nyingine. Mwanaume huyo haogopi fedha haramu, dada. Anaondokewa na binti yake na hajui aseme nini, basi anadai bili za maji.

Sasa nisikilize. Leo hii, siyo kesho, nenda kwa wifi yako. Ukaombe radhi kwa kile kicheko, na akianza kukusema, nyamaza akuseme mpaka achoke, ni haki yake. Akimaliza, mwombe awapokee wageni Jumamosi kama mkubwa wa familia. Ukirudi, mkalishe mumeo umwulize kiofisi kabisa: "Una uhusiano wowote na binti huyu?" Akisema ndiyo, mwambie ajiondoe kwenye shauri, kiti chake kachukua dada yake. Abishe na nani? Kisha ampigie simu mjomba, yeye mwenyewe kwa sauti yake, amwombe radhi. Mtu aliyeshindwa udiwani vibaya hahitaji kukumbushwa na wakwe. Na mama yako mfuate wewe, shati lile limrudie mumeo alivae Jumamosi hiyohiyo.

Binti naye atoke na baba yake, wawili tu, wakatembee. Asimtetee mchumba hata kidogo. Amwambie baba kwamba anaondoka, na kwamba naye anaogopa.

Huo ufunguo uweke mbali. Ukimfungia atagonga mlango posa nzima, na wageni wa watu mtawaambia ni nani? Akae sebuleni na wenzake, kalamu mkononi asiwe nayo. Machozi yakimtoka mbele ya wakwe, mwache, usimpe kitambaa wala usimsogezee maji, hao watu wanahitaji kuona kwamba kuna baba ndani ya yule afisa.

Akikataa yote haya, usimlainishie. Mwambie kwamba binti ataolewa, yeye akubali asikubali, na siku ya harusi atamwona mwanawe kwenye simu, picha ikikwamakwama, bibi harusi akiangalia upande mwingine.