Kama Hema ni Nyumba

Scarborough, 3 Mei 2025

Mwanangu Derek,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Natumai wewe na mkeo Melissa mko salama.

Nilinyamaza kwa sababu uliandika kwamba huko kaskazini tutalala katika hema moja. Safari yenyewe naitaka. Septemba narudi Vihiga, sitakuja tena Kanada, na tangu uzaliwe hatujawahi kuvua samaki pamoja. Lakini unajua kwamba kwetu mwana aliyetahiriwa halali chini ya paa moja na babaye. Hata theluji ilipofunga barabara, ulilala kwa jirani yangu Alnasir. Chukua mahema mawili.

Baba yako


Markham, 5 Mei 2025

Baba,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima. Melissa anasema goti hupakwa dawa, halisimuliwi.

Mzee wangu, lami inaishia katika mji wa Pickle Lake. Ziwa letu liko mbele zaidi, kwenye barabara ya changarawe, na simu hazishiki. Usiku kuna baridi, na dubu wapo. Nawe mwaka jana ulianguka ukienda chooni, ukakaa sakafuni hadi asubuhi bila kuniita. Sikuachi peke yako hemani. Ni hema moja, ama tusiende. Dubu hawaulizi mila.

Mwanao,
Derek


Scarborough, 9 Juni 2025

Mwanangu,

Salamu zako zilifika, na goti limepakwa dawa. Mzaha wa dubu haukunifurahisha. Nimeusimulia kanisani mara mbili.

Nilimwandikia Baba Mkubwa wako Crispus, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo, nikamwuliza kama kitambaa kilichoshikwa na vigingi ni nyumba. Alikaa mwezi mzima, kisha akajibu kwamba hawezi kuhukumu kitu asichokiona. Aliye karibu nacho aamue. Maana yake ameniachia mimi.

Basi lilete hema hilo Jumamosi, ulisimamishe kwenye nyasi nyuma ya jengo letu. Nitaingia peke yangu na kujilaza. Wewe utasubiri nje, wala usiniulize neno. Majirani wakicheka, waache wacheke.

Chambo usinunue bado. Ndoano nimekwisha kununua. Nikishaamua, nitakuandikia.

Baba yako