Kwa Baba, Aliyesimama Wima Mbele ya Madaktari

Baba,

Ninachosikia hadi leo ni kisigino chako. Ungedhani ni lazima iwe sauti ya hospitali, au ya udongo ukiangukia jeneza kule nyumbani Bungoma. Hapana. Ni kisigino cha kiatu chako cheusi kikigonga sakafu ya mbao mara moja, ko!, upande wa pili wa mlango uliofungwa.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la korido, mkongojo wako mapajani, kwa sababu ulikuwa umekataa kuingia nao. "Shika hii, Kuruta," uliniambia. "Siwezi kuingia kwa wakubwa na kijiti." Ukajishika ukutani, ukavuta pumzi, ukaingia. Kisha ko! Nikajua umesimama mguu sawa mbele ya bodi ya madaktari, na mgongo ule wenye vyuma ndani yake umeunyoosha. Mtu akauliza unaendeleaje. Ukajibu kwa sauti iliyonifikia hadi pale benchini: "Niko sawa, sir!"

Wakacheka, kwa upole tu. Mmoja akasema, "Huyu Sajini bado yuko kazini." Hukukaa sana. Ulipotoka ulinitazama kwa fahari, uso umelowa jasho, ukanyoosha mkono kuomba mkongojo.

Asubuhi ile Mama alikuwa amepiga suruali yako pasi mpaka mstari ukasimama kama kisu. Wewe ulikuwa umenyoa ndevu mara mbili. Ulimeza vidonge vyako vya maumivu, ukaongeza vingine, ili mguu ukubali kukubeba. Koplo Sankale, rafiki yako aliyepoteza mkono katika gari lile lile lililokuvunja mgongo, lilipokanyaga bomu ng'ambo ya mpaka, alikuwa amesafiri kutoka Kajiado kukusindikiza. Alikukuta mlangoni ukijipaka mafuta usoni, akaangua kicheko, akakusalimu Kimaasai. "Sopa, Afande! Unaenda harusi ama unaenda bodi? Vua hiyo tai. Enda na ndevu, enda na kijiti, enda ukilia kama mtoto. Wacha waone."

Ukamwambia, "Mwanajeshi haendi mbele ya wakubwa kama gunia."

"Wewe, Afande," Sankale akasema, "hata wakikukata kichwa utasema kiko tu kwa begi."

Tulicheka wote. Mama alicheka mpaka akaweka pasi chini. Sikujua kwamba tulikuwa tunacheka kitu kitakachokuua.

Umekufa sasa, naweza kusema wazi kile ambacho ulikuwa ukikizunguka. Pensheni ya askari aliyejeruhiwa hupimwa kwa kiasi cha mwili alichopoteza. Sankale aliweka bega tupu mezani, hakuna aliyebisha. Wewe ulipeleka mwili mzima kwa macho, kiatu kinang'aa, na maumivu yote umeyaacha chini ya tai. Wakaandika ulemavu mdogo. Wakaandika pia, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba uko sawa. Jibu lilipokuja ulilisoma ukiwa umelala sakafuni sebuleni, kwenye mkeka, kwa sababu tangu bodi ile hukuweza kulala kitandani kwa muda mrefu. Ukasema, "Sankale ana bahati. Chake kinaonekana."

Hukuwahi kulalamika zaidi ya hapo. Ulirudi tu kwenye vidonge.

Nikueleze nyumbani kulivyo. Upepo wa Kitengela bado unaleta vumbi la mawe ndani ya kila kitu, hata ndani ya sukari. Dereva wa boza la maji bado anapiga honi na kuita "Sajini!", kisha anakumbuka na kunyamaza. Mama analala kwenye kochi. Anasema ni kwa sababu ya joto, na hakuna joto. Viti vyako viwili vya plastiki, kile cha bafuni na kile cha jikoni, bado viko pale Mama alipokuwa akikukalisha. Hakuna anayevigusa. Mzee wa ploti ya pili aliniuliza kama bado tunataka kujenga, maana alikuona mara nyingi umesimama kwenye ua wake ukikagua mawe yake. Sikumwambia kwamba ulikuwa unapumzika. Kwamba kutoka kwetu hadi dukani ulikuwa na vituo, na kila kituo ulikitafutia sababu: mawe ya huyu, mbuzi wa yule, mtambo unaochimba kisima kwa jirani.

Mimi nakukumbuka zaidi Jumapili baada ya kanisa. Nakaa upande wako wa kulia, wenye sikio ambalo bomu liliacha likisikia, nakusomea gazeti. Nikifika kwenye habari za serikali unafumba macho na kusema, "Ruka hiyo, Kuruta, enda kwa mpira." Nilisoma chuo kikuu, Baba, nafundisha historia kwa watoto wa watu huko Isinya, na bado hakuna daraja nililowahi kupewa linalozidi lile la Kuruta. Ulinifundisha kung'arisha kiatu kwa pamba na mate. Ulisema kiatu kinamtangulia mtu. Nimekuwa nikiwaza maneno hayo kwa uchungu, maana ni kweli, kiatu chako kilikutangulia mbele ya bodi, kikakusemea.

Figo zilikufa polepole. Daktari wa hospitali alimwuliza Mama umekuwa ukimeza dawa gani za maumivu, na kwa muda gani. Mama akanitazama mimi. Tulipomtajia, aliandika, akafunga kalamu, akasema miaka kama hiyo ya vidonge kama hivyo hakuna figo inayostahimili. Alisema bila hukumu. Ulikuwa kitandani, unasikia au husikii, sijui. Ulikuwa umegeuzia ukuta sikio zima.

Baada ya mazishi Mama aliomba pensheni ya mjane wa askari aliyeuawa na majeraha ya kazi. Jibu lilikuwa fupi. Ugonjwa wa figo, walisema, hauhusiani na utumishi, na marehemu mwenyewe aliieleza bodi kwamba yuko sawa. Nilisimama jikoni na karatasi ile mkononi. Heshima yako, Baba. Wameichukua, wakaifanya shahidi wao dhidi ya mke wako.

Bila pensheni hiyo hatubaki hapa. Mshahara wangu unajua ulivyo. Baba mdogo ameshaleta mtu wa kutazama ploti. Alikuja na kofia nyeupe, akapima kwa hatua kutoka lango hadi tangi, wakati Mama anatazama dirishani akiwa ameshika kitambaa cha vyombo. Ploti ile uliyoinunua kabla hata ya kununua kitanda. Jioni Mama aliniambia, "Kama ni kuuza, wacha tuuze," kwa sauti ya mtu anayezungumzia kuku.

Nikamwambia tutakata rufaa. Nikamwambia njia ni moja tu: tueleze jinsi ulivyokuwa ukiishi humu ndani. Kwamba asubuhi ulitambaa kwa magoti na viganja kutoka mkekani mpaka choo. Kwamba yeye ndiye aliyekuogesha, akakuvisha soksi, akafunga kamba za viatu vile vilivyong'aa. Kwamba kuna siku hukufika choo. Kwamba vidonge vilikuwa ndiyo miguu yako. Tukiyaeleza hayo, basi figo zimetokana na vidonge, vidonge vimetokana na mgongo, na mgongo umetokana na bomu. Hakuna njia nyingine ya kufika.

Mama alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Nilimfunika miaka yote hiyo. Hata mama yake hajui. Hata pastor hajui. Na wewe unataka kumvua nguo mbele ya watu wa meza?"

Nikasema, "Mama, watauza ploti."

"Ploti ni udongo," akasema. "Huyo ni mume wangu."

Nilikaa na hilo kwa wiki kadhaa. Wewe unanijua, nikianza kufikiri sili. Nilijiuliza maiti ina haki gani ya kufichwa. Nilijiuliza kama ni wewe ninayekulinda nikinyamaza, au ni ile picha yako pale ukutani, yenye medali na kidevu kilichoinuliwa. Wakati mwingine nilikukasirikia, nikakusemesha kwa sauti darasani baada ya wanafunzi kuondoka. Ungeketi tu! Siku moja tu. Ungewaambia, mabwana, siwezi kusimama. Kisha nakumbuka uso wako ulipotoka mle ndani, umelowa jasho na una furaha, na hasira inaniishia mdomoni. Labda dakika zile ndizo za mwisho ulizokuwa Sajini kamili. Labda ulizinunua ukijua bei yake.

Nilimpigia Sankale. Nikamwambia Mama hataki, kwa hivyo aseme yeye, mwanamume mwenzako, askari mwenzako, aliyekuwa nawe garini na aliyekuwa akikubeba mgongoni kukupeleka bafuni alipotutembelea. Akakubali mara moja. "Nitasema, msichana wangu. Mimi sina aibu, mimi nilimwambia Afande aende na ndevu." Nilishusha pumzi. Mama pia alikubali, mradi si mimi nitakayesema, na mradi yeye hatasikia.

Jopo la rufaa lilikaa Kajiado mjini. Mama alibaki nje, kwenye kivuli cha ukuta, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, mbuzi wanapita mbele yake. Sankale alikuja. Baba, ungemwona. Blanketi lake la Kimaasai, analojifunga siku zote, ameliacha nyumbani. Amevaa koti la bluu, medali zote kifuani, mkono mtupu wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini, na viatu! Nilipoviona viatu nilijua.

Mwenyekiti, mwanamke wa miwani anayezungumza kwa sauti ya chini, alimwuliza, "Koplo, hali ya Sajini nyumbani ilikuwaje?" Sankale akasimama wima, macho ukutani. Mwenyekiti akarudia swali. Sankale akasema, kwa sauti ya uwanja wa paredi, "Sajini alikuwa chuma, madam! Sijawahi kumsikia akilalamika hata siku moja!"

Wakamwuliza kama uliweza kutembea bila msaada. Akasema, "Alitembea, madam." Wakamshukuru. Daktari wa jopo akaandika kitu kifupi.

Sikumkasirikia. Alipopita karibu yangu machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye medali, akaninong'oneza, "Mdomo umekataa. Mbele ya meza ile, mdomo umekataa." Wote wawili mliumbwa kwa kitu kile kile, na meza ile inakijua. Nyinyi hufa kabla ya kuketi.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine wa familia mwenye la kusema kabla hawajafunga.

Kabla sijakuambia kilichofuata, wacha nikuage sawasawa, maana baada ya hapo sitakuwa na maneno. Ulale, Baba. Ulale chali, kwa namna ambayo mgongo ulikukatalia. Nakuahidi kwamba Mama hatakosa mtu wa kukaa naye, iwe kwenye ploti hii au kwenye chumba cha kupanga. Nakuahidi kwamba Sankale akiitwa tena kupimwa, maana sikio lake nalo linakwisha na hasemi, nitaingia naye mpaka mezani na kumshika koti ili aketi. Na nakuahidi kwamba yale ya ndani ya nyumba yetu sitayasema mara ya pili. Si kwa Baba mdogo, si kanisani, si kwa mume kama nitaolewa. Kwingine kote utabaki ulivyotaka.

Uamuzi wao haujatoka. Mama hajaniuliza nini kilisemwa mle ndani. Alinitazama usoni nilipotoka, akaelewa, akatangulia kuelekea barabarani bila kunisubiri. Tangu siku ile anaongea nami mambo ya chumvi na maji tu. Huenda atanisamehe, huenda hatanisamehe. Nawe pia.

Nilisimama, Baba, kisha nikaomba kiti, nikaketi. Nikawaeleza yote. Kutambaa, soksi, choo, viti vya plastiki, vidonge. Nilipomaliza, mwenyekiti alivua miwani. "Binti," akasema, "baba yako aliiambia bodi kwamba yuko sawa. Unatuambia alidanganya?" Akaongeza kwamba nisijibu kwa haraka, kwa sababu jibu langu litabaki kwenye rekodi chini ya jina lako.

Nikasema ndiyo, alidanganya, na nikawaomba waandike.